Sura ya Tano: Sufuria ya Nyumbani na Mtoto Aliye Tumboni

Ukitoka mji wa Meru ukielekea kaskazini mashariki, migomba na mikahawa hupungua, vichaka vya miiba vinajitokeza, na mbele yako ardhi inateremka kuelekea nyanda kavu za Isiolo. Ruiri iko hapo kwenye mpaka, katika eneo bunge la Buuri: nyuma yake milima yenye maji, mbele yake ukame. Wakulima wa huko hungoja mvua mbili kwa mwaka, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba. Wanapanda mahindi, maharagwe, ndengu, kunde na mtama. Mvua zikija vizuri, hakuna anayelala njaa. Ikikosa mojawapo, mwezi wa tisa unakuwa mrefu.

Chukua nyumba ya kawaida ya huko katika mwaka mzuri. Asubuhi ni chai yenye maziwa kidogo na kipande cha nduma, au mkate ikiwa kuna pesa. Mchana ni githeri ya mahindi na maharagwe. Jioni ni ugali na sukuma wiki iliyokaangwa kwa kitunguu. Kuku wanatembea uani, lakini mayai yanakusanywa kwenye trei kwa ajili ya soko. Nyama ni ya Krismasi, harusi na mgeni. Mama mwenye mimba ya miezi sita anakula chakula hicho hicho, na akimaliza anashiba kabisa.

Tumbo lake limeridhika. Mtoto aliye ndani yake bado anadai vitu ambavyo sufuria ile haikuwa navyo. Sura hii inasema mambo mawili. La kwanza ni kwamba katika sehemu kubwa ya Meru na Embu tatizo la wajawazito kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanganyiko wa chakula kuliko wingi wake. La pili ni kwamba mchanganyiko huo hauamuliwi na mama peke yake, ingawa lawama ikija humwangukia yeye.

Kyeni, mwaka wa ukame

Ushahidi wa jambo hili hauhitaji kuagizwa kutoka mbali. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, walipiga kambi Kyeni Kusini, Embu. Waliowaongoza ni daktari wa watoto Charlotte Neumann na Profesa Nimrod Bwibo. Hawakwenda kutafuta watoto waliokonda mifupa mitupu kama wale wanaoonekana kwenye picha za njaa. Walitaka kujua habari za utapiamlo wa kadiri, ule usiopigiwa kelele: watu wanakula kila siku, wanalima, wanakwenda shule, lakini miili yao ina pengo. Walipima chakula kilichopikwa nyumbani na kile kilichomfikia kila mmoja, wakawafuatilia wanawake tangu ujauzito hadi kunyonyesha. Mwaka huo huo mvua ndefu zilikosa na ukame ukaibana Kenya, kwa hiyo waliona pia kinachotokea nyumba inapokaza mkanda.

Picha waliyoipata ni ya mahindi na maharagwe asubuhi, mchana na jioni, nyama na maziwa vikionekana kwa nadra. Baadaye, mwaka 2013, uchambuzi wa takwimu hizo ulichapishwa ukiangalia vitamini B12 peke yake. Ilionekana kwamba wanawake hao walipata B12 kidogo mno wakati wa ujauzito, kidogo wakati wa kunyonyesha, na hata maziwa yao ya kifua yalikuwa na upungufu huo. Mtoto alizaliwa akiwa na akiba ndogo, kisha akanyonya kutoka ghala lile lile tupu.

B12 ina tabia moja inayoitenga na vitamini nyingine: haitoki kwenye mmea. Mahindi hayana, maharagwe hayana, sukuma wiki haina, hata ukila sahani tatu. Inapatikana kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Mwili unaitumia kutengeneza damu na kujenga utando unaofunika mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka ubongoni hadi kwenye vidole. Utando huo huanza kujengwa mtoto akiwa bado tumboni.

Watafiti walirudi Embu mwaka 1998 na swali jingine. Katika shule 12 za msingi waliwapa wanafunzi githeri wakati wa mapumziko. Kundi moja lilipata githeri yenye nyama ya kusaga, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa chochote shuleni. Baada ya zaidi ya miaka miwili, watoto wa nyama ndio waliokuwa wameongeza alama nyingi zaidi katika mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri, na ndio waliochangamka zaidi uwanjani. Akiba ya B12 ilipanda kwa waliopewa nyama na kwa waliopewa maziwa. Hawa walikuwa watoto wa shule, si wajawazito, lakini somo linawahusu mama zao. Githeri ile ile, kwenye sufuria ile ile, ilibadilika thamani kwa kuongezwa kitu kidogo kutoka kwa mnyama.

Damu ya watu wawili

Ujauzito unapoendelea, damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu. Damu hiyo inahitaji madini ya chuma, kondo la nyuma linayahitaji, na mtoto mwenyewe anajiwekea akiba ya kumfikisha miezi sita hivi, kwa sababu maziwa ya mama yana chuma kidogo. Ukijumlisha mahitaji yote ya mimba moja unapata takriban miligramu 1,000. Mama asipoyapata kwenye chakula, mwili unachukua kwenye akiba yake. Akiba ikiisha anaanza kuchoka akipanda kijilima, anasikia kizunguzungu, na viganja vinakuwa vyeupe. Siku ya kujifungua, damu kidogo ambayo mwanamke mwingine angeipoteza bila shida inaweza kumwua. Mtoto naye hukabiliwa na hatari ya kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito wa chini ya kilo 2.5, ambao wahudumu wa afya huuhesabu kuwa mdogo.

Mtu atauliza: maharagwe si yana chuma? Yanayo, tena mengi. Lakini mahindi na maharagwe yana pia asidi iitwayo fitiki, ambayo hukishika chuma tumboni na kukizuia kuingia kwenye damu. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzidisha kizuizi. Kwa hiyo mama wa Meru, kaunti inayolima chai, anaweza kula sahani ya githeri, kushushia kikombe cha chai, na kubaki na sehemu ndogo tu ya chuma alichokula.

Dawa ya hili iko jikoni na haina gharama kubwa. Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha na umwage yale maji kabla ya kuchemsha. Uji wa wimbi au mtama ukiachwa uchachuke, fitiki hupungua. Chungwa, pera, embe, nyanya mbichi au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga huleta vitamini C, nayo hufungulia chuma mlango. Chai isubiri saa moja au zaidi baada ya kula. Na vipande vichache vya nyama au omena, pamoja na kuleta chuma chake, husaidia kile cha maharagwe kiingie.

Hata hivyo, chakula peke yake mara nyingi hakitoshi kwa mama aliyeanza mimba akiwa na akiba ndogo. Ndiyo maana kliniki za umma nchini Kenya huwapa wajawazito vidonge vya kila siku vyenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi foliki. Wengi huviacha baada ya wiki moja au mbili. Vinasababisha kichefuchefu, vinafunga choo, na choo chenyewe kinakuwa cheusi hadi mama anaogopa. Muuguzi asipomweleza mapema kwamba weusi huo ni kawaida, na kwamba anaweza kumeza kidonge usiku baada ya chakula ili kichefuchefu kipungue, vidonge vitabaki kwenye karatasi juu ya kabati.

Siku 28 za kwanza

Asidi foliki ina haraka kuliko chuma. Uti wa mgongo na ubongo huanza kama utepe wa chembe hai unaojikunja kuwa mfereji, na mfereji huo hufungwa kabla ya siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Ukishindwa kufungwa upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ukishindwa upande wa kichwa, mara nyingi haishi. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya jaribio lililowahusisha wanawake waliokuwa wamewahi kupata mtoto mwenye kasoro hiyo: waliotumia asidi foliki tangu kabla ya kushika mimba walipunguza uwezekano wa kurudiwa na kasoro hiyo kwa asilimia 72.

Hesabu hizo siku 28. Mara nyingi mwanamke anapogundua kuwa hedhi imechelewa, mfereji tayari umefungwa au unakaribia kufungwa. Anapofika kliniki mara ya kwanza akiwa na miezi minne au mitano, kidonge bado kina faida kwa damu yake, lakini kwa uti wa mgongo wa mtoto kimechelewa. Lishe ya ujauzito, basi, huanza kabla ya ujauzito, kwa msichana anayekula kunde, managu, terere, ndengu na maharagwe bila kungoja kipimo kimwambie kitu. Mboga hizo zisichemshwe hadi zikapoteza rangi, maana joto la muda mrefu huharibu asidi foliki, na maji yanayomwagwa huondoka nayo.

Serikali ya Kenya iliona ugumu huu ikaamua kupitia mlango wa duka. Tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungashwa viwandani uongezwe virutubishi, vikiwemo madini ya chuma, zinki na asidi foliki. Chumvi iliwekewa madini joto zamani zaidi, tangu miaka ya 1970, na kwa hiyo rovu limepungua. Madini joto yakikosekana katika mimba, ubongo wa mtoto hupata madhara ambayo chakula cha baadaye hakiwezi kuyafuta.

Chumvi inafika kila nyumba. Unga wa pakiti haufiki. Mkulima wa Ruiri mwenye magunia yake ghalani hubeba debe la mahindi hadi kwenye kinu cha mtaani, anasagiwa kwa shilingi chache, na unga ule hauna kilichoongezwa. Mavuno mema yanamtoa kabisa kwenye mpango uliotungwa kwa ajili yake. Akiomba mahindi yakobolewe ili ugali uwe mweupe, hupoteza hata yale mema yaliyokuwa kwenye ganda na kiini. Mkewe akiwa mjamzito, au akitarajia kuwa, unga usiokobolewa ni bora kwake, na wale wanaoweza kununua pakiti moja ya unga ulioongezwa virutubishi na kuubadilisha na wa kinu hawatapoteza kitu.

Sumu isiyoonekana kwenye gunia

Ghala lenyewe linaweza kuleta madhara. Mahindi yasiyokauka vizuri hushikwa na kuvu, na kuvu hao hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Vifo vya namna hiyo hutokea kwa dozi kubwa. Dozi ndogo za kila siku haziui mtu ghafla, lakini hupenya kondo la nyuma, na watafiti wa Gambia waliona watoto wa mama wenye kiwango kikubwa cha sumu hiyo wakikua polepole.

Je, ukimwondolea mjamzito mahindi yenye sumu, mtoto atarefuka? Swali hilo lilijaribiwa hapa hapa. Watafiti walikwenda katika vijiji 28 vya kaunti za Meru na Tharaka-Nithi, wakawaandikisha wanawake wajawazito. Katika vijiji vya mpango, mahindi ya nyumbani yalipimwa, na yakionekana machafu yalibadilishwa na safi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Sumu kwenye damu ya watoto ilipungua. Katika kipimo cha katikati ya mradi, watoto wa vijiji hivyo walikuwa wamewazidi wenzao kimo kidogo na udumavu ulikuwa umepungua. Katika kipimo cha mwisho tofauti hiyo haikuonekana tena.

Yapo mambo mawili ya kujifunza hapo. Mahindi yakaushwe juu ya turubai badala ya udongo mtupu, yahifadhiwe makavu, na punje zilizobadilika rangi zitupwe, hata kuku wasipewe. Lakini kukua kwa mtoto kunashikwa na kamba nyingi, na kufungua moja peke yake hakutoshi.

Deni linalolipwa baada ya miaka hamsini

Hadi hapa tumezungumzia mtoto anapozaliwa. Katika miaka ya 1980 daktari Mwingereza, David Barker, aliuliza kuhusu mtoto huyo akiwa mzee. Alipata madaftari ya kaunti ya Hertfordshire ambamo tangu mwaka 1911 wakunga na wauguzi, chini ya Ethel Margaret Burnside, walikuwa wakiandika uzito wa kila mtoto aliyezaliwa na uzito wake alipotimiza mwaka. Barker na wenzake waliwatafuta wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930 na kuangalia waliokufa walikufa kwa nini. Waliokuwa wepesi zaidi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo.

Wapo waliompinga. Walisema mtoto mwepesi mara nyingi ni mtoto wa maskini, na umaskini unatosha kuharibu moyo. Uholanzi ilitoa kipimo kingine, kwa huzuni. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 Wajerumani walizuia chakula kwenda miji ya magharibi mwa nchi hiyo, na mgao wa kila mtu ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Njaa ilianza ghafla na kuisha ghafla, ikawapata matajiri na maskini. Watoto waliokuwa tumboni mwanzoni mwa mimba katika miezi hiyo walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini utu uzimani walipata zaidi maradhi ya moyo. Waliokuwa mwishoni mwa mimba walizaliwa wadogo, na baadaye miili yao ilishindwa zaidi kudhibiti sukari. Chembe za damu za wale ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa, zilipochunguzwa miongo sita baadaye, zilionyesha alama tofauti kwenye jeni moja inayohusika na ukuaji.

Kwa msomaji wa Ruiri, mfano wa karibu zaidi ni kijiji cha Keneba, Gambia, ambako kila mwaka kuna miezi ya njaa kabla ya mavuno. Mwaka 1997 watafiti waliripoti kwamba waliozaliwa katika miezi hiyo walikufa mapema katika ujana na utu uzima kwa kiwango kikubwa kuliko waliozaliwa baada ya mavuno. Uchunguzi kama huo huko Bangladesh haukuona jambo hilo, kwa hiyo si sheria ya dunia nzima. Lakini mimba ya miezi tisa, mahali penye mvua mbili na viangazi viwili, haiwezi kukwepa kiangazi. Kila mama wa Ruiri hubeba mimba yake kupitia angalau msimu mmoja mkavu. Swali la familia ni utawakuta na nini ghalani: mahindi peke yake, au pia kunde kavu, majani ya kunde yaliyoanikwa, omena, na mnyama wa kukamuliwa.

Upande wa pili nao upo. Katika miji ya Meru na Embu yupo mjamzito anayekunywa soda kila siku, anayekula chipsi na chapati na kutembea kidogo. Kuambiwa kwamba anakula kwa watu wawili kumempoteza. Katika miezi mitatu ya kati, mwili unahitaji nyongeza ya kalori 340 hivi kwa siku, na katika mitatu ya mwisho 450 hivi, kiasi cha sahani ndogo ya ziada. Kisukari cha mimba huleta mtoto mkubwa kupita njia, na humwachia mama na mtoto hatari ya kisukari baadaye.

Nani anaamua

Maneno mengi yanayomzuia mjamzito kula hutoka kwa watu wanaompenda. "Usile mayai, mwanangu, mtoto atakuwa mkubwa akushinde kumzaa." Katika sehemu nyingi za Kenya, ikiwemo kwa Wakalenjin wa Uasin Gishu ambao watafiti wamewahoji, mayai, parachichi na viungo vya ndani vya mnyama vimewahi kuwekwa kwenye orodha ya vyakula anavyokatazwa mjamzito. Hofu yenyewe ina asili: zamani, hospitali ikiwa mbali, mtoto aliyekwama alikuwa kifo cha wawili. Leo tunajua kwamba yai halimfanyi mtoto akwame, na kwamba mtoto mwepesi ana hatari kubwa zaidi kuliko aliyelishwa vizuri. Mama mkwe akielezwa hivyo kwa heshima huwa mtetezi mkubwa wa yai, kwa sababu neno lake jikoni lina uzito kuliko la muuguzi.

Hamu ya kula udongo au mawe laini yanayouzwa sokoni nayo isichekwe. Katika utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 1998, zaidi ya nusu ya wajawazito walikuwa wakila udongo mara kwa mara, na waliokula walikuwa na upungufu zaidi wa damu. Udongo huweza kuleta mayai ya minyoo na kuzuia chuma. Mjamzito anayeutamani apimwe damu badala ya kukaripiwa. Pombe haina kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa kijusi, na miraa, fahari ya biashara ya Meru, hukata hamu ya kula wakati hamu inahitajika.

Kinachobaki ni mgawanyo. Nyama ikipikwa, sehemu nono humwendea baba na wageni, watoto wa kiume wanafuata, na mpishi anakula mchuzi. Mayai yanauzwa ili kulipa karo. Maziwa yanakwenda kwa mnunuzi jioni, yanabaki ya chai. Hakuna ubaya wa makusudi hapo, ni mazoea ya pesa. Lakini ndiyo mazoea yanayompa mtoto asiyezaliwa sehemu ya mwisho ya sahani.

Yanayowezekana

Meru ina mfano wa mabadiliko uliokwisha kufanya kazi. Tangu mwaka 1996 shirika la FARM-Africa liliwasaidia wakulima wa Meru na Tharaka kuwachanganya mbuzi wa kienyeji na mbuzi wa maziwa aina ya Toggenburg, na wafugaji wakaunda chama chao cha kuzalisha mbuzi hao. Mbuzi wa aina hiyo anaweza kufugwa kwenye shamba dogo ambako ng'ombe hana nafasi. Maziwa yake yana protini na kalisi nzuri, ila asidi foliki na B12 ndani yake ni kidogo kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo yasibebeshwe kazi yote. Yachemshwe daima: maziwa mabichi huleta bruselosi, na ugonjwa huo unaweza kuharibu mimba. Omena, ambazo ni nafuu kuliko nyama, zina B12 na kalisi kwa wingi. Kijiko kimoja cha omena zilizosagwa katika mboga au uji kinaweza kusaidia kuziba pengo ambalo Kyeni ilituonyesha.

Vidonge navyo vina ushahidi wa Afrika Mashariki. Jijini Dar es Salaam, jaribio lililochapishwa mwaka 2007 liliwashirikisha wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI. Wote walipewa chuma na asidi foliki. Nusu waliongezewa vitamini nyingine, ikiwemo B12. Watoto waliozaliwa chini ya kilo 2.5 walishuka kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8. Kwa familia moja tofauti hiyo ni ndogo. Kwa nchi nzima ni maelfu ya watoto.

Mkondo wa Kenya unaonyesha kwamba hali hubadilika. Katika utafiti wa kitaifa wa 2008 na 2009, watoto 35 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26, na mwaka 2022 walikuwa 18. Baadhi ya waliobaki walianza kudumaa kabla hawajaona jua.

Kwa hiyo ushauri wa sura hii haumwendei mama pekee. Mume, nenda naye kliniki mapema, kabla ya mwezi wa tatu, na usikie mwenyewe muuguzi akisema nini kuhusu damu yake. Mama mkwe, mwambie ale. Loweka githeri, weka omena, ahirisha chai. Na kabla trei ya mayai haijaenda sokoni, toa la mjamzito kwanza.